Mhudumu wa mochwari anayejifunza kuwauliza waliobaki hai

Saa mbili asubuhi, nje ya mochwari, kijana mmoja amesimama amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, ingawa jua limeshapanda na ukuta ulio nyuma yake umeanza kupata moto. Ametoka ndani sasa hivi, ambako ameonyeshwa mwili wa mke wake na kusema ndiye. Wakwe zake wako pembeni, wanabishana kwa sauti ya chini na mwenye gari kuhusu nani akae mbele.

Mwanamke mnene wa makamo, aliyevaa gauni la kijani na buti za mpira, anatoka mlangoni. Anavua glavu, ananawa kwenye bomba lililo kando ya ngazi, anajifuta kwa upindo wa aproni. Kisha anamwendea yule kijana na kusimama karibu naye, si mbele yake bali ubavuni.

"Mwanangu, njoo tukae kidogo," anamwambia.

"Wananisubiri, Mama."

"Nimeshawaambia wasubiri. Gari haliondoki bila wewe."

Wanaingia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya makatoni ya glavu. Ndani kuna viti viwili vya plastiki, jagi la maji na dirisha dogo lililo juu sana kiasi kwamba hakuna anayeweza kuchungulia. Mlango unafungwa. Mwandishi wa makala haya anabaki nje na wakwe. Mazungumzo ya mle ndani yanachukua muda mrefu, mpaka mwenye gari anazima injini.

Wanapotoka, hawaelekei garini. Mama yule anatangulia, kijana anafuata, na mkwe mmoja aliyeitwa kwa ishara ya mkono anawafuata nyuma akiwa amebeba koti la kijana. Wanavuka ua wa hospitali kuelekea jengo la kitengo cha afya ya akili. Baada ya kitambo, mama anarudi peke yake.

"Nimemuuliza, na amenijibu," anasema. "Zaidi ya hapo si langu kukwambia."

Hospitalini hapa anaitwa Shangazi. Mkurugenzi anamwita Shangazi, mfagizi anamwita Shangazi, na hata barua za ofisini zinazotaja jina lake kamili huwafanya watu waulizane ni nani huyo. Ni mwanamke pekee katika mochwari yenye wahudumu wanne. Anapokea miili, anaiosha, anaivisha, na anawapokea ndugu wanaokuja kuitambua. Pia ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika kozi ya wikendi ya ushauri nasaha. Somo lililompa taabu kuliko yote, na lililokaribia kumtoa chuoni, ni upimaji wa kisaikolojia: jinsi ya kumhoji mtu, kumchunguza, kumpa dodoso na kuyasoma majibu yake ili kujua hali ya akili yake.

Hakuanzia mochwari. Mume wake alipofariki, alikuwa akifua mashuka katika dobi la hospitali. Nafasi ilipotokea mochwari, wenzake wote waliikwepa. Yeye aliichukua.

"Sabuni ya dobi ilikuwa inanichubua mikono mpaka nashindwa kushika kijiko," anasema. "Nikaona heri maiti. Maiti hachubui mtu."

Majirani walianza kumsalimia kwa mbali. Mama aliyemleta mtoto wake kumwamkia alimshika bega mtoto huyo, asije akampa mkono. Shangazi alicheka nao. Ana utani wake anaoutumia mpaka leo: kwamba katika hospitali nzima, wagonjwa wake ndio ambao hawajawahi kuandika malalamiko.

Kilichomfanya arudi darasani akiwa na mtoto wa sekondari nyumbani ni mzee mmoja aliyekuja kumtambua mwanawe, aliyekuwa amekufa katika ajali ya pikipiki.

Mzee yule hakulia. Aliitazama sura ya mwanawe, akasema ndiye, akaomba amfunike mwenyewe. Alilivuta shuka taratibu akaliweka sawa kwenye kona. Akamuuliza Shangazi kama kazi hii haimchoshi. Alipotoka aliwapa mkono wahudumu wote, akawaambia poleni na kazi.

"Nikawaambia wenzangu, yule ndiye mwanaume," anakumbuka Shangazi. "Nikasema, wangekuja wote hivi, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

Wiki iliyofuata mzee yule aliletwa kwenye machela. Alikuwa amejiua. Shangazi alimtambua kabla hajasoma jina, kwa sababu alikuwa amevaa shati lilelile.

"Nilimwosha mimi," anasema. Kisha anavuta kiti chake nyuma na kukirudisha mbele. "Nilijiuliza, hivi huyu alipita mbele yangu, akanipa mkono, akaniambia pole, na mimi sikuona kitu. Niliona nini basi?"

Alimpelekea swali hilo daktari wa kitengo cha afya ya akili. Daktari hakumpa jibu, alimpa anuani ya chuo.

Darasani alikuta wauguzi, watu wa ustawi wa jamii, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye wote walimwita Ticha. Mkufunzi wa somo la upimaji ni mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwenye sauti ya chini na tabia ya kusubiri jibu mpaka aliyeulizwa aone aibu.

Siku ya kwanza mkufunzi aliwaonyesha picha za video za wahojiwa wawili, akawataka waseme yupi yuko katika hatari zaidi. Mmoja alikuwa mwanamke anayelia kwa kwikwi. Mwingine alikuwa mwanaume anayejibu maswali vizuri, akitabasamu kila anapomaliza.

Shangazi aliinua mkono haraka. Alimchagua mwanamke.

"Alikosea," anasema mkufunzi, "na alikosea kwa kujiamini kabisa. Ndivyo wengi wanavyoanza, hasa waliokaa karibu na huzuni za watu kwa miaka mingi. Wanadhani macho yao yanatosha."

Mwanamke yule alikuwa na watu wa kuwalilia na sababu za kuamka kesho, na alipoulizwa alizitaja. Mwanaume alikuwa ameshagawa vitu vyake, kama mtu anayeaga. Alilisema hilo katikati ya maneno mengine, kama anayetaja hali ya hewa, na darasa zima halikulisikia.

Kuanzia hapo Shangazi alilazimika kujifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Alijifunza kuangalia jinsi mtu anavyokaa na anavyovaa, lakini asilikamate hilo kama jibu. Alijifunza kuwauliza ndugu, na pia kuwatoa nje, kwa sababu mtu hasemi yaleyale mkewe akiwa ameketi pembeni. Alijifunza kwamba dodoso husomwa kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, na hapo ndipo alipogombana na mkufunzi wake.

"Kuna swali linauliza kama mtu amepungukiwa na hamu," anasimulia. "Nikamsomea bibi mmoja wodini. Akaniambia, hamu ninayo, mwanangu, kitoweo ndicho sina. Sasa hapo unaandika nini?"

Mkufunzi anakiri kwamba bibi yule alikuwa na haki. Maswali mengi yalitungwa kwingine na kuletwa kwa tafsiri, na tafsiri nyingine hazikutoka midomoni mwa watu. Mtu wa kawaida hasemi ana sonona. Anasema moyo umemfa ganzi, anasema anawaza sana, anasema mwili wote unamuuma na daktari haoni kitu. Mwanafunzi lazima ajifunze kusikia yote hayo. Lakini akianza kubadilisha maneno ya dodoso kila anapojisikia, hawezi tena kulinganisha majibu ya mtu mmoja na ya mwingine.

Swali moja Shangazi alilibadilisha kila mara. Lilikuwa swali la kujiua. Badala ya kulisoma, alikuwa akisema, "Lakini hujafikiria mambo mabaya, sivyo?"

"Nilimwambia, hapo hujauliza," anasema mkufunzi. "Hapo umemwomba mtu akuhurumie. Na wagonjwa wana huruma. Watakwambia hapana ili wewe ulale."

Mkufunzi alimwambia aliseme swali lile lilivyo mbele ya darasa. Alijaribu mara kadhaa na kila mara sauti ilimwishia njiani. Wenzake walidhani anaona haya. Yeye mwenyewe alidhani hivyo.

Yaliyotokea muhula uliofuata, Shangazi na Ticha wanayasimulia kwa namna moja, isipokuwa Ticha anapofika katikati huvua miwani na kuipangusa.

Lilikuwa zoezi la wawiliwawili. Mmoja awe mshauri, mwingine awe mteja. Kila mteja alipewa kadi yenye maisha ya mtu wa kubuni, ayajibu maswali kwa niaba ya mtu huyo. Kadi ya Shangazi ilikuwa ya mfanyabiashara ambaye duka lake limeungua. Ticha alikuwa mshauri.

Walianza vizuri. Shangazi aliigiza, akalalamikia bidhaa zake, hata akamchekesha Ticha. Kisha Ticha akasoma: "Je, kuna wakati unawaona watu wako wa karibu kama wako mbali nawe, kama vile huwahisi tena?"

Shangazi aliinamisha uso. Ticha, akidhani amesahau kadi yake inasemaje, alirudia swali.

"Ndiyo," alisema Shangazi.

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipofariki."

Ticha akaitupia jicho kadi iliyokuwa mezani. Mama wa mfanyabiashara alikuwa hai, tena ndiye aliyemkopesha mtaji.

"Nikajua hapa hatuigizi tena," anasema Ticha. "Lakini sikujua nifanye nini. Nikaendelea kusoma, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Swali, jibu, swali, jibu. Na kila jibu lilikuwa zito kuliko la kwanza."

Mama yake Shangazi alikuwa amefia nyumbani kwake, kitandani, mwaka mmoja kabla ya hapo. Shangazi alimfumba macho, akamnyoosha mikono, akamfunga kidevu, akamwambia binti yake amletee shuka safi. Halafu akaenda kuosha vyombo. Binti, aliyelelewa na bibi huyo, alisimama mlangoni akimwangalia.

"Akaniambia, 'Mama, hata bibi umemfanya kama wa kazini kwako.' Sikumjibu. Nilikuwa nasubiri machozi yaje, hayakuja. Nikajiambia nimechoka tu, yatakuja. Siku zikapita. Chakula kikawa hakina ladha. Mtoto anaongea, mimi namwona mdomo unavyocheza. Asubuhi naamka najiuliza kwa nini nimeamka."

Miezi michache baada ya mazishi, binti alihamia kwa mama yake mdogo. Aliacha nguo zake nyingi. Shangazi alijua ziko kabatini, lakini kwa muda mrefu hakufungua mlango wa chumba kile.

Hayo ndiyo Ticha aliyoyasikia darasani, vipandevipande, katikati ya wanafunzi wengine waliokuwa wakicheka na kuigiza. Alipofika swali la mwisho, lile ambalo mwenzake alishindwa kulitamka, alilisoma kama lilivyo. Je, umewahi kufikiria kujiua?

"Akasema, karibu kila siku," anasema Ticha. "Nimefundisha maisha yangu yote. Siku ile nikaweka kalamu chini nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza."

Mkufunzi alisimamisha zoezi bila kueleza sababu, akawatoa wengine wakanywe chai, akampeleka Shangazi ofisini kwake. Alimuuliza maswali yote upya, polepole. Alimpigia simu mdogo wake Shangazi, aje amchukue na asimwache peke yake. Kisha akamwambia jambo ambalo Shangazi alilichukia kwa muda mrefu: kwamba hataketi mbele ya mgonjwa yeyote mpaka yeye mwenyewe aketi mbele ya mtu.

"Nilimwambia, mimi nimekuja kusoma, sikuja kutibiwa," anasema Shangazi. "Nilimwambia na maneno mengine ambayo sitayarudia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akanipa miadi."

Alikwenda kwenye miadi hiyo kwa sababu mdogo wake alimshika mkono mpaka mlangoni. Alimkuta mwanasaikolojia wa makamo, mwanaume mwenye mafua, aliyempa dodoso refu na kumwacha alijaze. Shangazi alifurahi. Alikuwa ameshafundishwa jinsi madodoso yanavyohesabiwa. Alijua jibu gani linapandisha alama na lipi linashusha, akajaza yale ya kushusha tu, tangu juu mpaka chini.

Mwanasaikolojia aliyasoma majibu yake akipenga kamasi.

"Akaniambia, 'Shangazi, hapa umeandika hujawahi kukasirika. Hapa umeandika hujawahi kusema uongo hata mdogo. Hapa umeandika unampenda kila mtu unayemjua.' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi nakupa pole, kwa sababu mtu huyu hajazaliwa bado.'"

Anacheka anaposimulia hili, kicheko kifupi. Alikuwa hajafika somo hilo: kwamba baadhi ya vipimo vimechomekewa maswali ya kumtambua anayejipamba. Mwanasaikolojia hakumkemea. Aliliweka dodoso kando, akamuuliza analalaje usiku. Shangazi anasema alimjibu kweli kwa sababu alikuwa ameshakamatwa na hakuona faida ya kuendelea.

Alikosa muhula mzima. Alipewa dawa, na kila wiki alikwenda kuzungumza na mwanaume yule mwenye mafua, ambayo hayajaisha mpaka leo. Hospitali ilimpumzisha kuosha miili ya watoto. Nafuu ilikuja kwa mwendo wa kuchosha, ikija na kurudi nyuma.

"Siku niliyolia, nilikuwa nakata vitunguu," anasema. "Nikajua ni vitunguu. Vitunguu vikaisha, mimi sikuisha. Mdogo wangu alizima jiko akakaa nami sakafuni."

Hajapona kabisa, na anakataa kuandikwa kwamba amepona. Bado anameza dawa. Kuna asubuhi ambazo buti za mpira zinakuwa nzito kuliko siku nyingine, na siku hizo humwambia msimamizi wake, naye humpangia kazi za ofisini. Zamani asingesema.

Aliporudi chuoni, mkufunzi alimtaka alitamke tena swali lile mbele ya darasa. Safari hii alilisema lote.

Sasa anafanya mazoezi ya vitendo katika chumba cha makatoni, chini ya uangalizi. Kila anayemhoji humripoti kwa daktari wa kitengo siku hiyohiyo, na kila wiki hukaa na mkufunzi wake wakapitia alichouliza, alichosikia na alichokosa kusikia. Bado hukosa. Mwaka huu alimhoji mama mmoja aliyefiwa na pacha wake. Mama alijibu hapana kwa maswali yote, na ndugu zake walisema hivyohivyo. Walikubaliana apigiwe simu baada ya muda mfupi. Alipopigiwa, simu haikupatikana. Waliomleta walikuwa wamehama.

"Hatujui," anasema Shangazi. "Sijamwona hapa, na kila mwili wa mwanamke ukiletwa naangalia uso kwanza. Labda yuko salama mahali fulani anapika. Sijui."

Mkufunzi anasema hilo ndilo gumu kuliko kanuni zote anazofundisha. "Hakuna kipimo kinachotabiri kifo cha mtu. Kinatupa nafasi ya kuuliza na mahali pa kuanzia. Wanafunzi wanataka uhakika. Mimi sina uhakika wa kuwapa."

Mtihani wa mwisho unakaribia. Shangazi atamhoji mgonjwa mbele ya watahini wawili, kisha aandike taarifa. Akifaulu, anataka kuanza na wenzake watatu wa mochwari, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu tangu walipoajiriwa. Msimamizi amekubali. Wenyewe wanamkwepa. Mmoja amemwambia atamjibu siku atakayolazwa kwenye jokofu, na Shangazi amemwambia siku hiyo atakuwa amechelewa.

Kuhusu binti yake anazungumza kwa sauti ya chini zaidi. Binti sasa anauza katika duka la dawa upande wa pili wa mji. Majuzi alikuja kuchukua nguo zake. Shangazi alikuwa amezifua na kuzikunja. Walikaa jikoni, chai ikapoa. Halafu binti akamuuliza, akiwa anaangalia kikombe, "Mama, unalala siku hizi?"

"Nikamwambia, kidogo. Si kama zamani, lakini kidogo. Nikamwambia na lile la bibi, kwamba sikumfanya wa kazini, ila mikono ilijua kazi hiyo tu. Alilia yeye. Na mimi nililia, si sana."

Kabla binti hajaondoka, Shangazi alimwomba waende pamoja, mara moja tu, wakakae na yule mwanasaikolojia. Binti alibeba begi lake, akafika mlangoni, akasema atafikiria.

Mwandishi anamuuliza anadhani jibu hilo lina maana gani. Shangazi anavuta glavu mpya kutoka kwenye katoni, kwa sababu gari jingine limeingia uani na msimamizi ameshamwita.

"Tunafundishwa kuandika jibu kama lilivyotolewa, usiongeze, usipunguze," anasema, akiingiza kidole kimoja kimoja. "Amesema atafikiria. Basi mimi nimeandika hivyo, atafikiria."